Shajara ya mradi: kijitabu cha maneno jirani ya Kiingereza

Januari, wiki ya pili

Leo tumekubaliana jina na mipaka ya kazi. Kijitabu kitaitwa Maneno Jirani. Kitahusu maneno ya Kiingereza yanayokaribiana maana kiasi kwamba sisi tunaozungumza Kiswahili huyapa tafsiri moja, kisha tukayatumia kana kwamba ni neno moja. Jina la "visawe" tumeliweka kando kwa makusudi. Ukimwambia mwanafunzi kwamba maneno mawili ni visawe, atadhani anaweza kuchomoa moja na kupachika jingine bila sentensi kudhurika, na hapo ndipo anapoumia kwenye mtihani.

Tuko wanne: mimi ninayeishi kwa kutafsiri, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari hapa Morogoro, muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu, na wakili aliyeko Mombasa ambaye tunaonana naye kwenye simu tu. Kila mmoja ana lake linalomkereketa. Mwalimu anapokea watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ambao kidato cha kwanza masomo yao karibu yote yanageuka Kiingereza. Mtoto akifungua kamusi kutafuta "kosa" anakuta "mistake", "error", "fault" na "offence" zimefuatana, zimetenganishwa kwa mkato, na hakuna wa kumwambia achukue ipi. Mimi nina sababu nyingine. Tangu 2021, sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, sisi watafsiri tunakutana na jozi hizi katika kila ukurasa, na safari hii tunatoka upande wa pili, Kiingereza kwenda Kiswahili.

Uamuzi mkubwa wa leo ni mahali pa kuanzia. Vitabu vingi vya aina hii vimeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa dunia nzima, Mjapani, Mhispania na Mswahili kwa pamoja, kwa hiyo huanza na neno la Kiingereza. Sisi tutaanza na neno la Kiswahili. Kila ukurasa utabeba neno letu moja juu, na chini yake maneno ya Kiingereza ambayo neno hilo linayafunika. Mtu anayeandika ripoti kwa Kiingereza, kichwani mwake kuna "usalama" kwanza. Hapo ndipo anapohitaji kushikwa mkono.

Orodha ya kuanzia: kivuli, kosa, kuiba, kuazima, kukodi, kutibu, kusababisha, usalama, ufanisi, kubwa.

Januari, mwishoni

Kivuli kimetangulia kwa sababu kinaonekana chepesi na kinatupa nafasi ya kupima umbo la ukurasa.

Saa saba mchana ukikaa chini ya mwembe, uko kwenye "shade". Lile umbo jeusi la mwembe lililolala juu ya mchanga, na matawi yake yote, ni "shadow". Jambo lenyewe ni moja, mwanga umezuiwa. Ila "shade" ni mahali pa kujisitiri na jua, haina umbo, na kwa maana hii haihesabiki. "Shadow" ina umbo la kitu kilichozuia mwanga, ina mwenyewe na inamfuata mwenyewe, na inahesabika: watu wawili wamesimama uwanjani, kuna "two shadows".

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na fasili mbili, moja kwa kila neno. Mwalimu alizisoma akasema mwanafunzi wake atazikariri na kesho atachanganya vilevile, kwa sababu fasili haimwambii afanye nini kalamu ikiwa mkononi. Akapendekeza swali. Tumezungukazunguka mpaka tukapata hili: Unaweza kukaa humo upumzike, au unaweza kuchora mpaka wake kwa kijiti? La kwanza ni "shade", la pili ni "shadow". Kuanzia leo kila ukurasa utakuwa na swali la kujiuliza, sentensi mbili za mfano, na tahadhari pale inapohitajika. Fasili zimeondoka.

Tahadhari ya ukurasa huu ni tamu. Waziri kivuli ni "shadow minister", kwa sababu anamfuata waziri halisi hatua kwa hatua akimwangalia kazi yake. Ana umbo la mwingine. Lakini nakala kivuli, ile tunayoambiwa tuambatishe na maombi ya kazi, kwa Kiingereza ni "photocopy" tu. Nimewahi kusahihisha barua ya maombi iliyoandikwa "shadow copy of my birth certificate". Aliyeiandika alifuata Kiswahili chake kwa uaminifu kabisa, ndiyo maana onyo hilo lazima liwemo.

Februari, wiki ya kwanza

Mwalimu anataka ukurasa mmoja wa utangulizi unaojibu swali analoulizwa kila mwaka: kwa nini Kiingereza kina maneno mengi hivi kwa jambo moja? Nimeuandika leo, na nimejizuia usirefuke.

Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza. Kwa karne kadhaa baada ya hapo Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala na mahakama, Kilatini kilikuwa lugha ya kanisa na elimu, na wananchi wa kawaida waliendelea na Kiingereza chao majumbani na mashambani. Lugha hizo hazikufukuzana, zilirundikana. Ndiyo sababu leo kuna "ask", neno la wenyeji, "question" lililopita kwa Wafaransa, na "interrogate" la Kilatini. Yote ni kuuliza. Lakini "ask" anaweza kuulizwa yeyote, hata mpita njia. "Question" mara nyingi ina shaka au mamlaka ndani yake. Na "interrogate" hufanyika mlango ukiwa umefungwa.

Nimeongeza kwamba sisi hili tunalijua kutoka kwetu. Kuomba ni la Kibantu, kusali limetoka Kiarabu, na hakuna Mswahili anayesema amesali mkopo. Kuuliza na kuhoji nayo ni hivyohivyo: jirani anakuuliza, mwandishi wa habari na polisi wanakuhoji. Mwanafunzi mwenye sikio hilo tayari ana nusu ya kazi.

Wakili alipousoma ukurasa alinipigia simu usiku huohuo. Aliniambia kwamba mwaka 1362 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kutaka kesi zizungumzwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu walikuwa hawaelewi Kifaransa cha mahakamani, na kwamba sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Lazima liingie, nimeliingiza. Kwa mtu anayetafsiri sheria kwa Kiswahili leo, hiyo ni habari ya nyumbani.

Kutoka kwake pia nimepata jambo la kikazi. Wanasheria wa Kiingereza walizoea kuweka neno la wenyeji na la kigeni bega kwa bega ili kila upande uelewe: "will and testament", "goods and chattels". Mtafsiri asihangaike kutafuta tofauti ambayo haipo. "Last will and testament" ni wosia, basi. Kwa hiyo kuna jozi za kutenganisha, na kuna jozi za kuunganisha, na kijitabu kitaweka alama kwenye hizo za pili.

Februari, wiki ya tatu

Kuiba. Ukurasa huu nimeungoja kwa hamu.

Kosa kuu linatoka kwenye sarufi yetu, tena kwenye sehemu yake nzuri. Kiswahili kinamruhusu mwenye mali kuwa kiima: nimeibiwa simu. Mwanafunzi anauhamisha mpangilio mzima na kuandika "I was stolen". Kwa msomaji wa Kiingereza, yeye mwenyewe ndiye aliyebebwa. Anachotaka kusema ni "My phone was stolen" au "I was robbed", na hizo mbili si sawa.

Swali la kujiuliza: Baada ya kitenzi kinakuja kitu au anakuja mtu? "Steal" inafuatwa na kilichochukuliwa. "Rob" inafuatwa na aliyechukuliwa, au mahali palipovamiwa. "They stole the phone", "they robbed the passenger", "they robbed the bank". Tukitazama vizuri, Kiswahili kina sikio hilihili kwingine: tunaiba kitu, lakini tunampora mtu, tunamnyang'anya mtu. Na kama kunyang'anya kulivyo na nguvu ndani yake, "robbery" nayo inadai nguvu au tishio. Simu iliyochomolewa mfukoni kimya kimya kwenye daladala imeibwa. "Robbery" haijatokea, hata kama inauma vilevile.

Kisha ipo "burglary", ambayo magazeti huitafsiri wizi na kumaliza. Wakili ametuma vifungu vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63. Kifungu cha 304 kinazungumzia kuvunja na kuingia kwenye jengo la makazi kwa nia ya kutenda kosa kubwa la jinai. Ikifanyika mchana ni "housebreaking", kifungo hadi miaka 7. Ikifanyika usiku jina linageuka, inakuwa "burglary", kifungo hadi miaka 10. Na usiku haukuachwa kwa macho ya mtu: sheria hiyo imeufasili kuwa ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mombasa kuna miezi ambayo saa hiyo ya jioni giza limeshaanza kuingia, na kuna miezi ambayo jua ndiyo kwanza linazama. Mtafsiri wa hati ya mashtaka akiandika "wizi" kwa yote mawili, amefuta saa ya tukio, na saa hiyo ina uzito wa miaka mitatu.

Angalia pia kwamba katika maelezo hayo hakuna lazima ya kitu kuchukuliwa. Nia inatosha. Mtu anaweza kupatikana na hatia ya "burglary" akiwa ametoka mikono mitupu. Kwa sababu hiyo tumekubaliana kuandika "kuvunja nyumba usiku kwa nia ya kutenda kosa", ndefu ilivyo. Urefu si tatizo.

Februari, mwishoni

Kurasa mbili za haraka.

Kuazima: "borrow" na "lend". Tunasema "niazime kalamu", na kitenzi ni kilekile kwa anayetoa na anayepokea. Mwelekeo unaonekana kwenye kiambishi. Kiingereza kinaweka mwelekeo kwenye neno lenyewe. Ndiyo asili ya "borrow me your pen" inayosikika kila darasa. Swali: Kitu kinakuja kwako au kinatoka kwako? Kikija, "borrow". Kikitoka, "lend". Upande mmoja Kiswahili ni kikali zaidi: sufuria unaiazima na kuirudisha ileile, hela unakopa na kurudisha nyingine za thamani hiyo. "Borrow" inabeba zote mbili, kwa hiyo anayetafsiri kuja Kiswahili ndiye anayepaswa kuuliza.

Kukodi: Waingereza husema "hire" kwa gari au suti ya harusi, kitu cha muda mfupi, na "rent" kwa nyumba. Wamarekani husema "rent" kwa karibu kila kitu, na "hire" wakaibakiza kwa watu, yaani kuajiri. Sisi tunapanga nyumba, tunakodi gari, tunaajiri mtu, na mambo yamenyooka. Hapa mwanafunzi aambiwe achague nchi moja na aifuate mpaka mwisho wa barua.

Machi, wiki ya pili

Nimekaa na muuguzi kliniki baada ya wagonjwa kuisha. Nilikuwa nimeandika rasimu ya kutibu: "treat" ni kumpa mgonjwa tiba, matokeo hayajulikani bado, "cure" ni ugonjwa kuondoka, "heal" ni kidonda kufunga au mfupa kuunga, mara nyingi wenyewe, "the wound healed". Akakubali. Kisha akafungua rejista.

"Kaka, huku kwetu hayo maneno yana masharti," akaniambia, akaweka kidole kwenye safu ya mwisho, ile ya matokeo ya matibabu.

Masharti ya rejista yake yametoka kwenye maelekezo ya Shirika la Afya Duniani yaliyopitiwa upya 2013, ambayo shirika hilo liliyarekebisha tena 2021. Kwa maelekezo hayo ya 2013, mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu ambaye vimelea vilithibitishwa maabara mwanzoni huandikwa "cured" pale tu makohozi yake ya mwezi wa mwisho wa dawa yanapokuwa hayana vimelea, na pawe na angalau kipimo kingine cha nyuma chenye jibu hilohilo. Aliyemaliza dawa zote bila dalili ya matibabu kushindwa, lakini hana majibu hayo ya makohozi, huandikwa "treatment completed". Wote wawili wametembea miezi yao ya dawa, kwa kawaida sita. Wote wawili wanaonekana wazima, wamenenepa, wamerudi shambani. Mmoja ana ushahidi wa maabara, mwingine hana.

Nikamuuliza je, kwa Kiswahili yeye huwaambiaje.

"Yule wa kwanza namwambia umepona. Wa pili namwambia umemaliza dawa, na ukianza kukohoa tena usikae nyumbani, uje. Nikiandika 'cured' bila makohozi, rejista imesema uongo."

Nimeyaandika maneno yake karibu yote kwenye ukurasa. Kupona na kumaliza dawa: Kiswahili cha kawaida kabisa, na kimebeba tofauti ambayo mtafsiri mwenye haraka angeimaliza kwa "amefanikiwa matibabu". Hiyo ya mwisho nayo ina mahali pake, kwa sababu ripoti huyajumlisha makundi yote mawili chini ya "treatment success". Maneno matatu, safu tatu, hakuna linaloweza kukaa kwenye safu ya mwenzake.

Swali la ukurasa: Unazungumzia kitendo au tokeo? Kisha, kama ni tokeo: ni ugonjwa uliokwisha au ni mwili uliojiunga? Mfano wa tahadhari ametoa yeye: dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zina "treat", hazina "cure", na tangazo litakalochanganya maneno hayo mawili linaweza kumfanya mtu aache dawa. Tumeuweka juu kabisa ya ukurasa.

Machi, mwishoni

Kusababisha. Hapa swali la kujiuliza halikutosha, ikabidi tuangalie maneno linaloandamana nayo. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alikwishaeleza mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa maneno linalofuatana nayo, na siku hizi jambo hilo linapimika. Upo mkusanyiko wa matini za Kiingereza cha Uingereza, British National Corpus, wa maneno milioni 100 uliokusanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na unaweza kupekuliwa bure mtandaoni.

Ukitafuta "cause" kama kitenzi, majirani wake wa kulia ni uharibifu, matatizo, maumivu, vifo. "Cause happiness" ipo, ila ni chache na inasikika imelazimishwa. Kwa hiyo mwanafunzi akiandika "the new headmaster caused good results", sarufi yake haina dosari, ila msomaji anabaki akingoja habari mbaya. Kwa jambo jema Kiingereza huelekea kwenye "bring about" au "lead to", ingawa hizo mbili hukubali hata mabaya.

Na kusababisha kwetu? Ajali, hasara, vifo, foleni. Barabara mpya huleta maendeleo. Mvua kubwa husababisha mafuriko. Tabia ni ileile, na mwalimu amefurahi kwa sababu anaweza kuanza somo kwa Kiswahili na wanafunzi wakagundua wenyewe.

Aprili, wiki ya pili

Usalama umetuchukua muda kuliko kurasa nyingine zote, na ningependa ndio usomwe kwanza.

Mgawanyo wa jumla unajulikana. "Safety" ni kinga dhidi ya ajali na madhara yasiyo na mwenye nia. "Security" ni kinga dhidi ya mtu mwenye nia mbaya, au uhakika wa kutopungukiwa. Ndani ya ndege, mkanda na boya ni "safety". Kule nje, mahali unapovuliwa mkanda wa suruali na kupita kwenye mashine, ni "security". OSHA ya Tanzania, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ina "safety" kwenye jina lake la Kiingereza; Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lina "security". Swali: Unaogopa ajali au unaogopa mtu? Kwa uwanja wa ndege, kiwanda na ghala, swali hilo linatosha.

Halitoshi kwa chakula. "Food security" na "food safety" zote mbili nimeziona zimetafsiriwa "usalama wa chakula", wakati mwingine ndani ya ripoti moja. Mkutano wa Dunia wa Chakula uliofanyika Roma mwaka 1996 uliieleza "food security" kuwa ni hali ya watu wote, wakati wote, kuweza kupata chakula cha kutosha, salama na chenye virutubisho. Ni suala la kupata: kipo, kinafikika, kitakuwepo na kesho. "Food safety" ni kama kitakudhuru ukila.

Tulikuwa tunatafuta mfano wa kuzitenganisha hizi mbili, tukaupata Kenya, mwaka 2004, Makueni na Kitui na maeneo ya jirani. Familia zilikuwa na mahindi ndani ya nyumba. Yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu, na kuvu ikaacha sumu, aflatoksini, ambayo watu wa kilimo Tanzania huiweka kwenye kundi la sumukuvu. Waliougua walirekodiwa 317, na 125 kati yao walifariki, ini zao zikiwa zimeharibiwa. Ukihesabu magunia, nyumba ile ina chakula. Ukipima punje, chakula kile ni sumu. Tena mambo haya mawili yamefungamana kwa namna ya kusikitisha: mwenye njaa iliyokwisha kumfika hana nafasi ya kuyatupa mahindi yenye kuvu, na anayehofia wizi shambani huyavuna kabla hayajakauka na kuyaingiza ndani. Ukosefu wa "security", kwa maana zake zote mbili, unazaa ukosefu wa "safety".

Kwa hiyo tumependekeza "uhakika wa chakula" kwa "food security", jinsi baadhi ya waandishi wanavyofanya tayari, na "usalama wa chakula" tuuachie "food safety" peke yake. Mwalimu alipinga kwanza, akasema usalama wa chakula kwa maana ya akiba umezoeleka maofisini na hatuwezi kuubadilisha kwa kijitabu. Ni kweli umezoeleka. Lakini mkulima anayeambiwa kwenye mkutano kwamba kijiji kina usalama wa chakula ana haki ya kuelewa kwamba hakuna aliyepima mahindi yake. Tumebishana hadi usiku, mwisho akakubali, kwa sharti kwamba tuandike wazi chini ya ukurasa kuwa msomaji atakutana na matumizi yote mawili. Sharti zuri.

Aprili, mwishoni

Kurasa za majaribio zimepelekwa darasani, kidato cha pili. Mwalimu aliwapa sentensi zenye pengo, kwanza bila kurasa zetu, kisha wakiwa nazo.

"Steal" na "rob" zimeingia vizuri; watoto walikuwa wanaulizana wenyewe, "ni mtu au kitu?" "Borrow" na "lend" vilevile. "Shade" na "shadow" zilileta ubishi mzuri kuhusu wingu: likipita juu ya uwanja linaacha kipi? Mwalimu aliwaachia wabishane mpaka mmoja akasema kwamba ukiwa uwanjani ni "shade", ukiwa kwenye ndege unaliona umbo lake chini, basi ni "shadow". Nimeomba ruhusa ya kulitumia jibu hilo.

Kubwa limekwama. "Big", "large" na "great" hazitenganishwi na swali moja, na sitaki kubuni kanuni isiyokuwepo. Kiingereza husema "a large number", lakini hakisemi "a great importance", husema "great importance" bila hiyo "a", na "big brother" ni kaka mkubwa hata kama ni mfupi kuliko wewe. Ukurasa huu utakuwa orodha ya maneno yanayoandamana, ya kusomwa na kuzoewa kwa sikio. Nimeuandika hivyo.

Kwa upande mwingine, tumefuta kurasa za "hear" na "listen". Kusikia na kusikiliza zinatosha kuwaongoza, kama zinavyowaongoza kuona na kutazama kwa "see" na "look". Tahadhari moja tu imebaki: tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu, na hakuna hata moja kati ya hizo inayochukua "hear".

Mei, wiki ya kwanza

Kosa limekamilika. "Mistake" ni kufanya visivyo, na mtu wa kawaida ndiye mwenyewe. "Error" ni ya rasmi na ya vipimo, ya kompyuta na ya hesabu. "Fault" inajibu swali "kosa la nani?", au inataja hitilafu iliyomo ndani ya chombo. "Offence" ni mbele ya sheria. Kwa walimu tumeongeza mstari kuhusu mwanaisimu Pit Corder, ambaye mwaka 1967 alitenganisha "error" ya mwanafunzi asiyejua bado na "mistake" ya anayejua ila ameteleza. Ya pili unamwachia aisahihishe mwenyewe. Ya kwanza unafundisha.

Umebaki ufanisi, unaofunika "effective" na "efficient". Muuguzi ndiye aliyetoa mfano: maharage kwenye mafiga matatu yataiva, kwa hiyo moto ule ni "effective". Jiko lililoboreshwa linayaivisha kwa kuni chache zaidi. Hilo ni "effective" na pia ni "efficient". Swali: Kazi imefanyika, au imefanyika bila kupoteza? Kwa "effective" tumechagua kuandika "lenye matokeo", na ufanisi tumeuachia "efficient", na safari hii mwalimu hakupinga.

Faili nzima imekwenda kwa mchapaji leo mchana, na nakala ya kusomea kwenye simu iko tayari. Wakili ameomba sehemu ya pili ianze na "shall", "must" na "may". Amenitumia mikataba ambayo "shall" imetafsiriwa "itakuwa" kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, pale ilipotakiwa kuwa "lazima". Nimeanza kuipiga mistari.